Ontolojia Iliyochapishwa Elisabethville

Mwaka 1945, jumba dogo la uchapishaji liitwalo Lovania lilitoa kitabu mjini Elisabethville, mji ambao tangu 1966 tunauita Lubumbashi. Kitabu hicho ni La philosophie bantoue. Mwandishi wake, Placide Tempels, alikuwa padri Mfransisko kutoka Ubelgiji. Alifika Kongo mwaka 1933 na kufanya kazi miongoni mwa Waluba wa upande wa Kamina. Alikiandika kwa Kiholanzi, na mwanasheria wa hapa hapa mjini, Antoine Rubbens, akakitia katika Kifaransa. Mwaka 1949 Présence Africaine ya Paris ikakichapa upya, na hapo kikaanza kuzunguka dunia. Kiini chake ni sura inayoeleza ontolojia ya Wabantu, yaani ni vitu gani vipo, vinapangwaje, na kipi kina uwezo juu ya kingine.

Miaka 48 baadaye, mwaka 1993, Tom Gruber wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha makala ambayo wataalamu wa kompyuta wanairejea hadi leo. Naye alizungumzia ontolojia, ila haja yake ilikuwa ya kiufundi. Programu mbili zilizoandikwa na watu wasiojuana zinaweza kupeana maarifa endapo tu zimekubaliana juu ya vitu vilivyomo katika fani fulani na jinsi vinavyohusiana. Makubaliano hayo yakiandikwa wazi, mashine ikaweza kuyasoma, basi hiyo ndiyo ontolojia. Mwaka 2004 shirika linalosimamia viwango vya wavuti, W3C, liliidhinisha lugha ya pamoja ya kuziandikia, iitwayo OWL.

Nimeifuata njia inayokwenda kutoka kitabu cha 1945 hadi kazi hii ya leo kwa sababu inapita mjini kwetu Lubumbashi, na wanaotengeneza masomo ya kompyuta hapa wanaipita bila kuiona. Eneo letu la Katanga limekwisha kuujaribu mpango wa namna hii kwa miongo mitatu, mbele ya watu wote. Mikononi mwa wasomi mpango wa Tempels ulivunjwavunjwa. Mikononi mwa wafanyakazi wa migodi uliishi, kwa sababu wao waliuchukua wakaugeuza.

Tuchukue jiwe ambalo watu wa huku wanalijua vizuri: malakiti, lile la kijani lenye michirizi. Ili kompyuta nayo ilijue, huandikiwa kauli fupi fupi. Malakiti ni aina ya madini. Malakiti ina shaba. Malakiti ni kabonati, na kabonati za shaba zimo katika kundi la madini yaliyooksidika. Madini yaliyooksidika huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki. Kalkopairiti yenyewe ni salfaidi, na salfaidi hutenganishwa kwanza kwa povu ndipo ipelekwe tanuruni. Ukiziweka kauli hizi pamoja, mashine inatoa nyingine ambayo hakuna aliyeiandika: malakiti huenda kwenye asidi.

Sasa ongeza uhusiano mmoja tu, “hutangulia”. Somo la asidi na besi hutangulia somo la kuyeyusha madini, na somo la atomi hutangulia la asidi. Mwanafunzi akikwama kwenye swali la asidi, mfumo haumrudishii swali lilelile mara kumi. Unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka pale anapojua, kisha unaanzia hapo. Mwenzake aliyekwisha kuvuka anaachwa aendelee mbele. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, masomo yalitolewa redioni. Ilikuwa kazi njema, lakini redio humpa kila mtoto somo moja kwa saa moja, aliyeelewa na asiyeelewa. Tena, kwa kuwa orodha ya madini imetengwa na masomo yenyewe, walimu wa Kolwezi, au wa Kitwe ng’ambo ya mpaka, wanaweza kuichukua na kujenga masomo yao juu yake. Hapo ndipo faida kubwa ilipo: kazi ngumu hufanywa mara moja, wengi wakaitumia.

Tempels alipofika nchi ya Waluba, kazi hiyo ya kupanga maarifa ilikuwa tayari na chombo chake. Chama cha Mbudye, kilichotunza historia ya ufalme, kilikuwa na lukasa: ubao uliobanwa kiunoni, wa kutosha kukaa kiganjani, uliopambwa kwa shanga na makombe au kuchongwa alama. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto na kugusa kwa kidole cha mkono wa kulia, akisimulia. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo huweza kuwa chifu na watu wake. Mstari wa shanga huweza kuwa safari au njia. Humo mna wafalme, makao yao, mahali patakatifu na uhusiano wa nasaba. Walioingizwa chamani walifundishwa kwa hatua, na kuusoma ubao wenyewe kulikuwa kwa waliofika juu. Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba ubao mmoja haukuwa na simulizi moja. Msomaji aliyeitwa kusuluhisha ugomvi wa ardhi hakusoma kama aliyeitwa kwenye kutawazwa. Shanga zilibaki mahali pake, masimulizi yakafuata wasikilizaji na haja yao.

Tempels aliacha shanga, akatafuta mfumo. Kwake yeye, Mbantu huona kuwa kila kilichopo ni nguvu. Juu yupo Mungu, chini yake waanzilishi wa koo, kisha wafu, kisha walio hai kwa kadiri ya ukubwa wao, ndipo wanyama, mimea na mawe. Nguvu huongezeka au hupungua, na kiumbe kimoja huweza kuimarisha au kudhoofisha kingine. Huo ni mpango unaoeleweka, na mhandisi yeyote wa maarifa angeweza kuuchora leo asubuhi: makundi, ngazi, aina mbili tatu za uhusiano.

Lakini kasoro zake ndizo kasoro ambazo miradi ya maarifa inazirudia hadi sasa. Kwanza, alianza na watu wa sehemu moja ya Katanga, akatandaza kauli zake juu ya Wabantu wote, kana kwamba anayemjua mvuvi wa ziwa Mweru amemjua na mchungaji wa Rwanda. Pili, hakuandika nani kasema nini. Mzee aliyemweleza, mahali, siku, na mwingine aliyebisha, wote wametoweka ndani ya “Mbantu” mmoja asiye na jina. Tatu, na hili ndilo linaloumiza, alishikilia kwamba ni kazi ya Wazungu kuwaeleza Wabantu kwa mpangilio kile wanachokifikiri. Mwenye maarifa akageuzwa kuwa mali ghafi. Aimé Césaire, katika Discours sur le colonialisme, alikishambulia kitabu hicho vikali: ardhi na jasho vinachukuliwa, kisha watu wanaambiwa kwamba wanachokitaka ni kuheshimiwa kwa falsafa yao ya nguvu.

Kanisa nalo halikufurahi. Askofu wa Katanga, Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, alikuwa mtu wa elimu. Mwaka 1926 aliandika juu ya wale mafundi walioitwa “wala shaba”, waliofua shaba katika tanuru za udongo karne nyingi kabla ya kampuni za migodi. Kitabu cha Tempels alikipinga. Tempels alikwenda Ubelgiji mwaka 1946 na hakurudi Kongo hadi 1949.

Aliporudi alipelekwa upande wa Kolwezi, na huko njia yetu inageuka. Anayetoka Lubumbashi kwenda Kolwezi hupita Likasi na kufuata ukanda wa shaba kwa takribani kilomita 300. Ndiyo barabara iliyobeba wafanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906 na kutaifishwa 1967. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kwamba mfanyakazi akae na mkewe na watoto, badala ya kuletwa kwa mkataba mfupi na kurudishwa. Kambi zikawa na shule, zahanati na kanisa. Mluba wa Kasai alikaa mlango mmoja na mtu wa Rwanda, na walichogawana ni kazi, maji ya bomba na Kiswahili.

Hapo ndipo Tempels alipoacha kuwaeleza watu mawazo yao, akaanza kuwauliza. Yeye mwenyewe alisimulia mageuzi hayo katika Notre rencontre, kitabu cha 1962: alikuja kama bwana mwenye majibu, akaishia kukutana na watu. Mwaka 1953, kutokana na mazungumzo yake na wanandoa wa kambini, ikaanza Jamaa, kundi la Kikatoliki la wanandoa.

Jamaa ilikuwa na mafundisho, na mafundisho yalikuwa kwa Kiswahili. Nguzo zake zilikuwa uzima, uzazi na mapendo, matamanio matatu ambayo kila mtu huyabeba. Kulikuwa pia na umuntu, yaani utu, na kulikuwa na mawazo, yaliyopewa uzito wa pekee: kitu chochote kabla hakijafanyika kimekwisha kuwazwa, na aliye na mawazo mamoja na mwenzake ameungana naye. Ukiutazama mpango wa 1945 unauona humo, lakini umepinduliwa. Ile ngazi ndefu ya nguvu, kutoka Mungu hadi jiwe, imesogea nyuma, na mahali pake pamekaa mume na mke wanaojifunza kuwa na moyo mmoja. Fundi mitambo aliyetoka Kasai hakuwa na haja ya kuelezwa cheo cha mababu wa Kamina. Haja yake ilikuwa jinsi ya kuishi na mkewe katika nyumba ya kampuni, mbali na koo zote mbili, bila mjomba wa kuwasuluhisha. Mpango uliandikwa upya kwa ajili yake, naye akashiriki kuuandika.

Jinsi walivyofundishana inastahili kutazamwa kwa karibu. Walei waliingia wawili wawili, mume na mke. Wenzi waliotangulia waliitwa baba na mama, na waliowaongoza wapya walihesabiwa kuwa wamewazaa. Kulikuwa na njia tatu, moja baada ya nyingine. Mtu hakupandishwa kwa kuwa muda umepita au kwa kuwa darasa zima limepanda; alipandishwa pale wazazi wake wa kiroho walipoona amekomaa, na yaliyomo katika njia ya pili hayakusemwa mbele ya aliye katika ya kwanza. Wenzi fulani wangeweza kuvuka upesi, wengine wakakaa. Mwalimu alimjua mwanafunzi kwa jina, kwa nyumba na kwa ugomvi wa juzi. Vitabu vya leo kuhusu masomo yanayomfuata mwanafunzi vinataja sehemu tatu: muundo wa fani, picha ya mwanafunzi, na kanuni ya kuamua hatua inayofuata. Jamaa ilikuwa nazo zote tatu, bila umeme.

Ilikuwa pia na hatari ile ile. Anayezuiliwa hatua bila kuelezwa sababu huanza kushuku, na aliye nje hushuku zaidi. Usiri wa zile njia ulizaa maneno, makundi yalijitenga, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliibana Jamaa. Tempels alikwisha kuondoka Kongo mwaka 1962, akafariki Ubelgiji mwaka 1977. Mfumo wa kompyuta unaomshikilia mwanafunzi kwenye somo la asidi wiki nzima bila kumwonyesha kwa nini unamtendea vilevile, na ninaamini mwanafunzi ana haki ya kuuona ule mnyororo wa masomo unaoamua safari yake.

Huku kambi zikiendelea na mafundisho, chuo kikuu cha hapa mjini, kilichofunguliwa 1956, kiligeuka uwanja wa hoja. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, na Kitivo cha Fasihi kikawekwa Lubumbashi. Paulin Hountondji, kijana wa Benin, alifundisha hapa kwa muda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadaye akawa mkosoaji mkali kuliko wote wa njia ya Tempels: haiwezekani taifa zima liwe na wazo moja lisilo na mwenyewe, kufikiri ni kwa watu wenye majina wanaobishana. Fabien Eboussi Boulaga wa Kamerun alikuwa amekwisha kumkosoa Tempels kwa kina mwaka 1968. Na alikuwepo V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyefundisha hapa miaka ya 1970 kabla ya kuhamia Marekani. Kazi yake kubwa, The Invention of Africa ya 1988, inaonyesha jinsi maelezo ya wageni kuhusu Afrika yalivyorundikana na kuwa maktaba moja, kila kitabu kikichota makundi yake katika kilichotangulia. Mudimbe alifariki mwezi wa Aprili 2025. Anayeazima leo mpango wa maarifa uliotengenezwa kwingine, kwa kuwa ni wa bure na uko tayari, angefanya vizuri kumsoma yeye kwanza.

Simchukulii Tempels kuwa mdanganyifu, na nadhani wakosoaji wake walimwonea kidogo kwa kukitazama kitabu cha 1945 peke yake, bila kambi ya 1953. Alexis Kagame, padri wa Rwanda, alijaribu kuutengeneza mpango huo kwa ushahidi ulio wazi zaidi. Mwaka 1956 alitumia ngeli za Kinyarwanda na kupata makundi manne: mtu, kitu, mahali na wakati kwa pamoja, na namna. Angalau njia yake inaweza kukaguliwa, na ukiikagua unaona pia inapoishia, maana ngeli hazigawi dunia sawasawa: kwa Kiswahili neno kifaru lina umbo la ngeli ya kitu, lakini tunasema kifaru amekuja.

Kuna tawi jingine la njia hii ambalo nalipenda kuliko yote. Zamani za ukoloni vilichapwa vijitabu vya msamiati wa Kiswahili kwa ajili ya Wazungu wa Katanga. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyekuja kuichunguza Jamaa miaka ya 1966 na 1967 na kurudi kufundisha chuoni hapa 1972 hadi 1974, alivichambua katika kitabu chake cha 1986. Dunia ya vijitabu hivyo ilipangwa kwa jicho la mwenye kuamuru: jikoni, bustani, safari, kazi, na vitenzi vingi vya leta, fanya, ondoka. Ni ontolojia kamili, ambamo mtumishi yupo ili atumwe.

Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Elisabethville kilitoa kijitabu chake, kimepigwa taipu na kurudufiwa, kwa Kiswahili cha huku. Mwandishi aliitwa André Yav. Wakakipa jina la vijitabu vile vile, Vocabulaire, yaani msamiati wa mji wa Elisabethville. Ukikifungua hukuti orodha ya maagizo. Unakuta historia ya mji tangu enzi za wafalme Msiri na Leopold wa Pili, vita, njaa, mabwana na tabia zao, kama ilivyoonekana na waliopika na kufua. Waliazima umbo, wakabadilisha nani anayeuona ulimwengu. Fabian alipotaka kuuelewa mswada huo macho hayakutosha, kwa kuwa maneno yaliunganishwa na kutenganishwa kwa namna ya msemaji. Kalundi Mango, mtu wa huku, ilimbidi ausome kwa sauti, usomaji ukarekodiwa, na maana ikafunguka. Toleo lenye maelezo lilitoka 1990.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Fabian na mwenzake Vincent de Rooij wa Amsterdam walianza kuweka maandishi ya aina hii kwenye intaneti, pamoja na tafsiri na maelezo, ili mtu yeyote ayasome na kuyapinga. Yav yumo. Yamo mazungumzo na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu juu ya historia ya nchi. Yamo pia mazungumzo ya mwaka 1974 na mganga Kahenga, aliyeifanyia nyumba ya Fabian kazi ya kuifunga ili isiingiliwe na wabaya. Mwaka 2008 Fabian alitoa kitabu kizima cha kuyafafanua mazungumzo hayo, huku matini yenyewe ikiwa wazi mtandaoni kwa kila msomaji.

Hadi hapo ni hazina ya matini. Kazi ya kuyaunganisha maandishi hayo kwa uhusiano, ili mwanafunzi wa mtaa wetu wa Katuba anayesoma juu ya kambi za miaka ya 1930 aongozwe hadi kwenye ukurasa wa Yav unaofaa kiwango chake, ni ya watu wa hapa, na vifaa vipo. Makumbusho mengi yanatumia mpango uliokubaliwa kimataifa mwaka 2006, unaoanza na tukio badala ya kitu: nani, lini, wapi, alifanya nini, ndipo kifuate kilichotokea. Mpango huo unafaa, kwa sababu unawezesha kila kauli iandikiwe mwenyewe, jambo ambalo Tempels aliliacha.

Shida itaanza na Kahenga. Kuifunga nyumba kuwekwe wapi? Mpango wa kitabibu utaiweka chini ya dawa, ilhali hakuna mgonjwa. Mpango wa dini utaiita ibada, ilhali mganga analipwa kama fundi. Mpango wa ujenzi na usalama haujawahi kuisikia. Atakayeijenga ontolojia hiyo Lubumbashi atalazimika kufungua kundi jipya ambalo hakuliazima popote, akaandika kando yake kwamba kauli hii ni ya Kahenga, Lubumbashi, mwaka 1974, na kuacha nafasi kwa mganga wa mitaa ya Kenya au Ruashi hapa mjini anayefanya kazi hiyo leo na kuieleza vingine.